Njia ya Nyuma ya Televisheni

Ezekia mwanangu,

Umeenda sokoni kutafuta kamba za kufungia mizigo, na mke wako yuko hapo jirani kwa Mama Witness anaaga. Nimebaki peke yangu na jua bado liko juu. Nimesema ngoja niandike sasa kabla hamjarudi, maana uso kwa uso mimi na wewe tunaongea habari za mpira na za umeme kukatika, basi, tumemaliza. Kesho asubuhi gari linakuja kuwachukua mwende Chitete. Karatasi hizi nitazisokomeza kwenye mfuko wa koti lako, utazikuta kesho ukilivaa, kabla ya kupakia.

Sikuandikii habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Una mke, umepata kazi ya kufunga umeme wa jua, na kuhusu maji mke wako anajua kuliko sisi wawili tukichanganywa. Nataka kukuandikia habari za sebule. Cheka ukitaka. Ni siku nyingi sijakusikia ukicheka humu ndani.

Kazi yangu unaijua. Nimezeeka nikipanga mizigo kwenye malori yanayovuka kwenda Zambia. Si kubeba, kupanga, na wewe ulikuwa ukiwabishia wenzako shuleni kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Nilikuwa nikiliangalia lori tupu najua mchele ukae wapi na mabati yakae wapi, ili likipita kwenye mashimo kisiteleze kitu. Madereva wa ng'ambo walikuwa wakinitafuta mimi tu, wakiniita batata, yaani baba kwa lugha yao, hata wenye mvi kunizidi. Sasa mtu kama huyo, jamani, ndiye aliyejenga sebule isiyopangika.

Nyumba hii niliichora mwenyewe kwa kijiti ardhini. Milango yote nikaielekeza sebuleni: wa chumba changu, wa chumba chako, wa uani kunakoenda jikoni na bafuni, na wa mbele. Mama yako, Mungu amlaze pema, aliniuliza, "Sasa mtu akitoka kuoga apite katikati ya wageni?" Nikamjibu kwamba wageni watafumba macho. Nilitaka nikikaa kwenye kiti changu nimwone kila anayeingia na kila anayetoka. Mchana kutwa nilikuwa mtu wa kuamriwa na matajiri wa mizigo, basi nyumbani nikataka kuwa mtu ambaye hapitwi. Na ile nguzo katikati ilibaki kwa sababu nilianza na wazo la duka, nikaghairi kuta zikiwa zimeshapanda.

Unakumbuka siku tulipovusha televisheni kubwa kutoka Nakonde? Tulihangaika nayo tangu tulipotoka kanisani mpaka chakula kikapoa. Mbele ya dirisha, jua likaipiga kioo tukawa tunajitazama sisi wenyewe. Karibu na mlango wa mbele, kila anayeingia akawa anaipiga kikumbo. Tulipoiweka upande wa nguzo, wewe ukakaa kwenye kochi dogo na shingo imepinda, ukasema, "Baba, mimi mpira nitautazama kwa sikio." Tulicheka mpaka mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza tumevunja nini. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka nikitaka kukumbuka nyumba hii ilipokuwa nzima. Mwisho tuliipachika ukutani upande wa uani, makochi yakatazama huko, ikakubali. Ilikubali kwa sababu tulikuwa watatu na hakuna aliyemkwepa mwenzake.

Baadaye mama yako akatutoka. Baadaye tena ukaoa, ukamleta mke wako hapa, na mimi nikafurahi kweli, usije ukadhani sikufurahi.

Kwa ukoo wetu unajua ilivyo. Mkwe hapiti mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hawali meza moja, na baba mkwe hamtaji jina wala hamgusi. Inakuwa hivyo mpaka siku baba mkwe anapompelekea kuku na kitenge kwa mkono wa dada yake. Mkwe akipokea, amefunguliwa. Wanasalimiana, wanapeana kikombe cha chai, mambo yanaendelea. Babu yako kule Mbozi alimfungua mama yako kabla hata hajachuma kahawa ya kwanza shambani kwake. Hapa Tunduma wengi wameshaacha kabisa, kijana anaoa leo kesho mkewe anamrushia baba mkwe rimoti. Mimi nikasema kwangu haitakuwa hivyo, kwangu kutakuwa na adabu.

Shangazi yako alikuja kutoka Mlowo akaniuliza, "Kuku yuko wapi, kaka? Nimpeleke lini?" Nikamwambia nangoja mavuno. Mavuno yakapita. Akauliza tena, nikamwambia nangoja mjukuu, nifanye vyote kwa pamoja. Akaniambia, "Wewe unangoja nini hasa?" Nikamkasirikia. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amenishika pabaya. Ukweli ni kwamba ilikuwa tamu, Ezekia. Kazini nilikuwa nimeshaachwa, vijana wanapanga mizigo hovyo na hakuna anayeniita. Na humu ndani kuna mtu mzima anayenyamaza nikikohoa, anayepiga magoti nyuma ya mlango kuweka chakula changu, anayengoja nitoke ndipo apite. Nilionekana mtu. Nisingeweza kumwambia shangazi yako neno kama hilo, na wewe ninakuandikia tu kwa sababu sitakuwepo ukilisoma.

Lakini mlango wa chumba chenu uko upande huu, mlango wa uani uko upande ule, na mimi niko katikati na kiti changu. Ukuta wenu wa nyuma umegusana na wa jirani, hata ningetaka kutoboa mlango mwingine pa kutobolea hakuna. Kuku mmoja tu angemaliza kila kitu. Mimi nikatumia akili ya malori.

Ile Jumamosi uliyoenda Vwawa, nilisogeza vitu peke yangu. Televisheni nikaishusha ukutani nikaiweka juu ya stendi yake. Kabati la vyombo la mama yako nikalitoa pembeni, nikaliunganisha na stendi, vyote vikasimama mstari mmoja kuanzia karibu na mlango wenu kuelekea mlango wa uani, migongo ukutani na nyuso kwangu. Kati ya migongo na ukuta nikaacha njia. Makochi yote yakarudi huku, yakaitazama televisheni, nguzo ikabaki nyuma ya watu, haimzibi mtu tena. Umeme ukawa ukutani ule ule, kwa hiyo waya wa televisheni ukakatiza kwenye njia, sakafuni. Uliporudi uliniuliza, "Baba, sasa hiki ni nini?" Nikakwambia nimempatia mke wako barabara yake mwenyewe. Ukaangalia waya, ukasema ungeupitisha juu siku ukipata nafasi. Nikakujibu, "Atauona, hana upofu." Nilijisifu, wewe acha tu. Mpaka Mama Witness nilimwita aje aone jinsi sebule ilivyokaa sawa.

Basi ndivyo tulivyoishi. Wewe na mimi kwenye makochi, mke wako nyuma. Stendi ile chini ina uwazi, kwa hiyo nilikuwa naona miguu. Huyo mtoto wa watu aliyeishi kwangu, akanipikia, akanifulia, mimi nilimjua kwa miguu. Nilijua kandambili zake za kijani. Nilijua siku amechoka kwa jinsi anavyoburuta. Alipobeba mimba nilijua kabla hujaniambia, kwa sababu miguu ilianza kwenda upande upande, tumbo halipiti tena. Na unajua nilifanya nini? Nilisogeza kabati kwa upana wa kiganja. Nikajiona nina huruma.

Kuna kitu kimoja hujui, na ndicho kinachoniuma kuliko vyote, hata kuliko siku yenyewe. Jioni, tamthilia ikianza na wewe hujarudi, miguu ile ilikuwa inasimama. Inafika nyuma ya televisheni, inasimama hapo hapo. Alikuwa anasikiliza. Mtu amesimama nyuma ya televisheni anasikiliza watu wanalia na kucheka, hawaoni, na mimi nimekaa mbele natazama peke yangu na makochi matupu kulia na kushoto. Nikimwona amesimama, nachukua rimoti naongeza sauti. Huo ndio ulikuwa wema wangu kwake.

Sikukuambia kwa sababu ungeniuliza kwa nini nisitoke nje nikampisha akae atazame. Sikutoka. Kiti kilikuwa changu. Mwanangu, huko uendako ukiona mtu wa nyumbani kwako amesimama mahali asipotakiwa kusimama, usimwongezee sauti. Sijui nikushauri nini zaidi ya hapo, na hata hilo, kulijua kumenisaidia nini?

Siku yenyewe umesimuliwa na Mama Witness, na kwa mke wako sijui ulisikia nini. Nisikie na mimi.

Mvua ilikuwa imenyesha, akaingia kutoka uani na beseni la nguo alizozianua mbio. Nilisikia kandambili ya kwanza, ya pili, halafu nikasikia kishindo. Waya ulikuwa umemshika mguu. Kabati likayumba, vyombo vya mama yako vikamwagika upande wangu, televisheni ikatikisika, haikuanguka. Iliendelea kuongea. Nikasimama. Kupitia chini ya stendi nikaona mkono wake sakafuni, halafu nikasikia ameniita. "Baba." Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu aingie nyumba hii. Halafu tena, "Baba, tumbo."

Alikuwa karibu nami kama mlango ulivyo karibu na kitanda changu. Mimi ni mtu niliyenyanyua magunia maisha yangu yote. Nilifika mpaka kwenye nguzo, nikaishika, nikageuza uso ukutani, nikaanza kupiga kelele: "Mama Witness! Mama Witness, njoo!" Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu: nitamshikaje? Nitamshikaje, sijamfungua? Alikuwa analia taratibu, na mimi naulilia ukuta kwa sauti kubwa kuliko yake. Mama Witness alikuwa mbali kwenye bomba, mpaka wasichana wake wakamfuate, mpaka aje. Alipoingia akaniangalia, akasema, "Mzee, umesimama tu?" Ndiye aliyembeba na wasichana wake mpaka kwenye bajaji. Mimi nilifuata kwa miguu, nikakaa nje ya geti la hospitali kwa sababu ndani ningemkuta amelala, na hairuhusiwi nimwone amelala.

Mimba ilitoka. Muuguzi alimwambia shangazi yako kwamba huenda ilitoka kwa kuanguka kwenyewe na hata angenyanyuliwa upesi isingesaidia. Huenda. Nimelala na neno hilo kila siku na halinipi usingizi. Labda isingesaidia mimba. Yeye je, pale sakafuni, isingemsaidia?

Wewe ulirudi jioni ile umetoka hospitali. Nilijua utanifokea, nilikuwa nimejiandaa kufokewa, nilikuwa nataka unifokee. Uliokota vigae vya vyombo. Ukachomoa waya, ukauzungusha vizuri mkononi kama unavyozungusha nyaya zako za kazi, ukautundika kwenye msumari. Halafu ukaniuliza, "Baba, umekula?" Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala. Tangu siku hiyo televisheni haikuwashwa, na mimi na wewe tumekuwa watu wa heshima sana. Ungenifokea, Ezekia. Mtu anayefokewa bado anatakiwa.

Mke wako alipotoka hospitali, nilimpigia simu shangazi yako, akaja, nikamkabidhi kuku mtetea mweupe na vitenge viwili vizuri. Nilivaa shati la kanisani, nikakaa kitandani kwangu mlango umefungwa, nikangoja kuitwa. Nilikuwa nimeshatunga hata maneno. Nilitaka nimwite kwa jina lake, halafu nimwambie nisamehe. Nikasikia wanaongea chumbani kwenu kwa upole, nikasikia vikombe, nikasema basi, imekuwa. Shangazi yako akarudi na kuku kwapani. Akakaa pembeni yangu. Nikamuuliza, "Amesemaje?" Akajibu, "Amesema mwambieni baba nashukuru sana. Amesema ameshazoea."

Angetukana ningepata pa kushika. Ameshazoea, basi. Shangazi yako alitaka kurudi kumbembeleza, nikamkataza. Mkwe akikataa kuku hakuna wa kumlazimisha, na hakuna kuku wa pili. Hiyo nayo ni mila, na hii sikuitunga mimi. Wewe sijui kama alikuambia. Yule kuku mweupe unayemwona uani kila siku ukauliza ametoka wapi, ndiye. Ameanza kutaga. Mayai silisogelei hata moja, anakula Mama Witness.

Kwa hiyo elewa kwa nini kesho hutaniona. Wewe unapakia mzigo wa kwanza wa maisha yako na baba yako aliyepakia malori ya nchi mbili hatakuwepo, kwa sababu mke wako atakuwa amesimama kwenye gari. Nitakuwa kule uani nyuma ya jiko mpaka nisikie gari limeondoka. Kitanda kipakie kwanza, godoro likae juu kabisa, na sufuria usizifunge pamoja na kioo. Barabara ya Chitete inarusha. Nilisema sitakupa maagizo, samahani, hilo limenitoka.

Na elewa kwamba sitakuja kwenu. Si kwa hasira. Mtu asiyefungua hawezi kuingia sebuleni kwa mkwe wake, na nikija nikakaa nje kwenye benchi nitawafanya majirani waulize. Mkijaliwa mtoto, Mungu awajalie, mtamleta kama mtapenda. Sina uhakika kama mtapenda. Mwenyewe nikijiuliza ningekuwa wewe ningemleta mtoto kwenye nyumba hii, nakosa jibu, halafu nalipata, na si zuri.

Nilikupa televisheni ukasema, "Baki nayo, baba, ikuongeleshe." Ulisema kwa wema, najua. Huko Chitete mtanunua yenu. Sijui chumba chenu kikoje, nasikia ni kidogo na kina dirisha mahali pa ajabu. Usiniulize iwekwe wapi. Kabla ya kuiwasha, mwambie mke wako akae, mahali popote atakapochagua yeye mwenyewe, hata kama ni katikati ya mlango. Halafu igeuze kumfuata. Wewe shingo yako ipinde, umeshazoea kutazama mpira kwa sikio.

Leo mlipotoka nimefanya kazi moja. Nimeisogeza sebule yote. Kabati nimelisukuma mpaka chumbani kwangu, mgongo unaniwaka moto. Makochi yote nimeyabandika kwenye kuta, meza nimeitoa nje, stendi nimeiweka kule kwenye kona ya mlango wa mbele, jua linaipiga kioo na wala sijali. Kiti changu nimekiondoa. Kuanzia mlango wa uani mpaka mlango wenu, na mpaka mlango wa mbele, katikati ni peupe, hata lori lingepita. Nilitaka kesho apite katikati. Mara moja tu, akitoka kwangu, atoke kwa kupita katikati ya nyumba kifua mbele, bila mtu wa kumkwepa. Nilikuwa nimepanga kumaliza barua kwa kukuomba umwambie hivyo, kwamba njia iko wazi.

Lakini amerudi sasa hivi, nikiandika. Nimekaa chumbani kwangu, mlango uko wazi kidogo, hakujua nipo. Ameingia kutoka uani na kandambili zake za kijani, akasimama, akaiangalia sebule tupu. Kwa mara ya kwanza nimemwona mzima, siyo miguu. Amekonda sana, mwanangu. Mpe maziwa huko. Nikasema moyoni, pita, mama, pita hapo katikati, ni pako. Akakusanya kitenge chake akakibana, akageuka ubavu, akaufuata ukuta. Amepita pale pale, nyuma ya kabati ambalo halipo, nyuma ya televisheni ambayo haipo, amejibana hivyo hivyo mpaka kwenye mlango wenu. Na alipofika mahali pake, Ezekia, ameinua mguu kuuvuka waya.

Waya uko kwenye msumari ulipoutundika. Usimwambie kitu.

Ni mimi baba yako, niliye nyuma ya jiko.